Chongo na kengeza: macho mawili yanapimaje umbali?

Mwaka uliopita, katika somo la fasihi simulizi, tulifika kwenye methali ambayo wengi wetu tuliijua tangu sekondari: «Mwenye kupenda, chongo huita kengeza». Mwalimu aliuliza maana yake, na jibu halikuchelewa. Chongo ni kukosa jicho moja. Kengeza ni jicho moja kuelekea upande mwingine. Anayempenda mtu huipunguza kasoro yake kwa kuipa jina la kasoro iliyo ndogo. Hapo mwenzetu mmoja akanyosha mkono na kuuliza: «Lakini nani alisema kengeza ni kasoro ndogo?» Darasa likanyamaza. Baadhi waligeuka kunitazama, kwa sababu jicho langu la kushoto linaelekea puani tangu nilipokuwa mtoto.

Sikuwa na jibu. Nilijua sura yangu katika kioo, nilijua utani wa shuleni, lakini sikujua macho yangu yanafanya kazi gani na hayafanyi ipi. Nilianza kusoma mambo ambayo si ya fakulte yetu, na nilikuta kwamba swali la mwenzetu lina jibu. Katika makala hii nitaeleza kwanza namna macho mawili yanavyoshirikiana ili kujua kitu kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Kisha nitarudi kwenye methali, na kwenye mtoto mmoja wa nyumbani kwetu ambaye alinifanya niandike.

Picha mbili za kitu kimoja

Tuanze na jaribio lisilohitaji chombo chochote. Simamisha kidole cha shahada mbele ya pua, kama sentimita 30 kutoka usoni, huku ukitazama mlango ulio mbali nyuma yake. Usiondoe macho mlangoni: mbele yake vitaonekana vidole viwili, vyepesi kama kivuli. Sasa kaza macho kwenye kidole. Kidole kinarudi kuwa kimoja, na mlango ndio unaogawanyika. Mwishowe funga jicho moja, kisha ulifungue na kufunga la pili, mara kadhaa. Kidole kinarukaruka mbele ya mlango ingawa hukukisogeza. Jicho la kushoto likiwa peke yake linakiona upande wa kulia. Jicho la kulia linakiona upande wa kushoto.

Sababu ni rahisi. Kati ya mboni na mboni, mtu mzima ana wastani wa milimita 63. Macho ni kama watu wawili waliosimama kwenye madirisha mawili ya nyumba moja: wanaangalia uwanja uleule, lakini mti ulio karibu unamfichia kila mmoja sehemu tofauti ya ukuta wa nyuma. Mchana kutwa tunapokea picha mbili zisizolingana kabisa, na hatuna habari. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo mwanzoni mwa karne ya 11, alikwisha kuchunguza kwa majaribio ni wakati gani macho mawili huona kitu kimoja kuwa kimoja, na ni wakati gani hukiona kuwa viwili.

Ili kitu kionekane kimoja, macho yote mawili yanapaswa kukielekea. Kila jicho lina misuli 6 ya kuligeuza. Ukitazama kidole kilicho sentimita 30 mbele yako, mistari ya macho mawili inakutana kwa pembe ya karibu digrii 12. Ukitazama mtu aliye mita 6 mbele, pembe hiyo haifiki hata digrii 1. Ubongo unaweza kutumia kiasi cha mgeuko huo kama dalili ya umbali, lakini ni dalili hafifu. Kazi kubwa inafanywa na jambo lingine, lile lililokifanya kidole kuruka.

Tofauti ndiyo habari

Turudie jaribio na vitu vitatu vilivyopangwa mbele yako mmoja nyuma ya mwingine: kidole, chupa na mlango. Kaza macho kwenye chupa, kisha funga jicho hili na lile. Chupa inatulia, lakini kidole kinaruka upande mmoja na mlango unaruka upande ulio kinyume. Kwa hiyo tofauti ya picha mbili ina mambo mawili ndani yake. Mwelekeo wake unaonyesha kama kitu kiko mbele au nyuma ya pale unapotazama. Ukubwa wake unaonyesha kiko mbele au nyuma kwa kiasi gani.

Leonardo da Vinci alikwisha kuona kwamba mchoro, hata ukichorwa kwa ustadi wote, hauwezi kuonyesha kina kama macho mawili yanavyokiona. Lakini aliyethibitisha kwamba tofauti hii yenyewe inaleta kina alikuwa Charles Wheatstone, mwalimu wa chuo kikuu huko London. Mwaka 1838 alieleza chombo alichokitengeneza kwa vioo viwili: jicho la kulia linaona mchoro mmoja, jicho la kushoto linaona mchoro wa pili, na michoro hiyo inatofautiana kidogo, jinsi macho mawili yangeuona mchemraba mmoja. Mtazamaji haoni michoro miwili iliyo bapa. Anaona mchemraba uliosimama hewani.

Walibaki watu waliosema kwamba ubongo hutambua kwanza kitu, yaani mchemraba, ndipo unapokumbuka kwamba mchemraba una kina. Mwaka 1960 Béla Julesz, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani katika maabara za Bell, alijibu hoja hiyo kwa kompyuta. Alitengeneza picha mbili zilizojaa nukta zilizotawanywa ovyo. Katika kila picha hakuna umbo lolote la kutambuliwa, ni vumbi tu. Lakini nukta za katikati katika picha moja zilisogezwa kidogo kwa upande. Picha hizo zikitazamwa kila moja kwa jicho lake, mraba unainuka katikati ya vumbi. Mraba huo haumo katika picha ya kulia, wala haumo katika picha ya kushoto. Umo katika tofauti yao tu.

Sisi wa lugha hatupaswi kulishangaa jambo hilo sana. Tunafundishwa mwaka wa kwanza kwamba «pata» na «bata» hutofautiana kwa sauti moja, na kwamba sikio halihitaji zaidi ya hapo ili kupata maana mbili. Sauti ya p peke yake haina maana yoyote; kinachofanya kazi ni kwamba si b. Vivyo hivyo, jicho moja peke yake halipeleki umbali huu. Ubongo unaupata kwa kulinganisha.

Mahali pa kulinganisha panajulikana. Neva za macho mawili zinakutana chini ya ubongo, na hapo karibu nusu ya nyuzi za kila neva huvuka kwenda upande wa pili. Matokeo yake, kila kilicho upande wa kushoto wa pale unapotazama, kiwe kimeonwa na jicho la kulia au la kushoto, kinapelekwa nusu ya kulia ya ubongo. Na kilicho kulia kinapelekwa nusu ya kushoto. Habari za macho mawili kuhusu sehemu moja ya mbele yetu zinafika jirani, na kwenye gamba la ubongo, kisogoni, kuna seli zinazopokea kutoka macho yote mawili kwa pamoja. Baadhi ya seli hizo huamka pale tu picha mbili zinapotofautiana kwa kiasi fulani.

Mpaka wa macho mawili

Mtu akiniuliza hapa: «Basi wewe unavukaje barabara?», swali lake ni zuri. Uwezo huu una mpaka. Ukiongeza umbali mara 10, tofauti ya picha inayotokana na vitu viwili vilivyoachana kwa nafasi ileile inapungua mara 100. Kwa hiyo macho mawili yana nguvu zaidi pale mkono unapofika: kutia uzi katika sindano, kumimina chai, kudaka funguo ulizotupiwa. Wenye kutaka kujua wachukue biki na kifuniko chake, wanyooshe mikono yote miwili, wafunge jicho moja, na wajaribu kukivisha kifuniko kwa haraka kutoka pembeni.

Kwa vitu vya mbali tunatumia dalili ambazo jicho moja linatosha kuzipata. Kinachokifunika kingine kiko mbele. Njia inayokwenda mbali inaonekana kuwa nyembamba. Kilima cha mbali kina rangi ya bluu na ukungu. Mtu tunayemjua kimo chake, akionekana mdogo, yuko mbali. Tukiwa ndani ya basi, miti ya kando ya barabara inapita mbio na milima inakwenda polepole. Hapa Lubumbashi, bomba refu la zamani la kiwanda na mlima mweusi wa taka za shaba karibu yake huonekana kutoka mitaa mingi. Anayevitazama kutoka mbali hahesabu tofauti ya milimita 63. Anategemea ukubwa anaoujua, majengo yaliyo katikati, na hali ya hewa ya siku ile.

Dalili hizo nyingi hujifunzwa kwa mazoea, na mfano unaotajwa mara nyingi vitabuni ni wa nchini kwetu. Colin Turnbull, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wambuti wa msitu wa Ituri, alieleza mwaka 1961 jinsi alivyosafiri na kijana aitwaye Kenge hadi mbuga za Ishango, karibu na Ziwa Edward, katika hifadhi ambayo leo inaitwa Virunga. Kenge alikuwa amekulia msituni, ambamo miti hufunga macho baada ya hatua chache. Alipoona nyati wakila majani kilomita kadhaa kutoka pale, aliuliza ni wadudu gani wale. Gari lilipokaribia na «wadudu» wakazidi kukua, aliona kuna uchawi.

Habari hii ni ya mtu mmoja aliyeelezwa na mtu mmoja, na haifai kujengewa hukumu juu ya watu wote wa msituni. Lakini inaonyesha vizuri mpaka ninaousema. Hakuna dalili kwamba macho ya Kenge yalikuwa na kasoro.  Mbugani macho mawili hayakutosha kwa mtu yeyote, na kilichohitajika ni mazoea ambayo yeye hakuwa nayo. Mimi niko kinyume chake. Mazoea ya mbali ninayo, ndiyo maana ninavuka barabara. Nilichokikosa ni cha karibu.

Ubongo hujifunza mapema

Mtoto hazaliwi akiwa na uwezo huu umekamilika. Unaanza kuonekana kati ya mwezi wa 3 na wa 5, macho yanapozoea kuelekea mahali pamoja. Ikiwa jicho moja linaelekea pembeni, ubongo unapokea picha mbili za vitu tofauti kabisa, ambazo haziwezi kulinganishwa. Mtu mzima anayepata kengeza ghafla huona vitu viwiliviwili. Ubongo wa mtoto unajiokoa kwa njia nyingine: unaizima picha moja. Jicho lililozimwa linaweza kudhoofika na kuwa jicho vivu, ambalo halioni vizuri hata likivalishwa miwani, ingawa lenyewe halina ugonjwa.

David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walilichunguza jambo hili kwa paka wachanga. Mwaka 1965 walieleza walivyokata msuli mmoja wa jicho ili kulifanya liende upande. Paka hao walipokua, walipima seli za gamba la ubongo. Katika paka wa kawaida seli nyingi hutii macho yote mawili. Katika paka wenye kengeza, seli nyingi zilitii jicho moja tu, ama la kulia ama la kushoto. Macho yote mawili yalikuwa mazima. Kilichovunjika ni ushirikiano wao.

Hapa tena wanaisimu wako nyumbani. Mwaka 1967 Eric Lenneberg aliandika kwamba kujifunza lugha ya kwanza kuna kipindi chake katika utoto, na sote tunajua mtu mzima anavyohangaika na sauti ambazo mtoto wa miaka 3 anazishika kwa kucheza. Macho nayo yana kipindi chao. Lakini mlango haufungwi kabisa. Susan Barry, profesa wa Marekani wa elimu ya neva, alikuwa na kengeza tangu uchanga, na upasuaji wa utotoni ulinyosha sura ya macho yake bila kuyafanya yashirikiane. Alipokaribia miaka 50 alianza mazoezi ya macho, na siku moja, akiwa ndani ya gari lake, aliona usukani ukimjia mbele, umejitenga na vitu vilivyo nyuma yake. Alieleza habari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2009. Mfano wake unatia moyo, lakini yeye alitumia miezi mingi kupata kwa jasho sehemu ya kile ambacho mtoto hupata bila kujua kwamba anajifunza.

Kurudi kwenye methali

Baada ya kusoma hayo nilikwenda kupimwa, kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Mpimaji alinivalisha miwani myeusi na kuweka mbele yangu picha ya nzi mkubwa. Picha hiyo kwa kweli ni mbili, na miwani inalipa kila jicho yake. Aliniambia: «Shika bawa lake». Nilinyosha vidole, na vikagusa karatasi. Alimwita kijana aliyekuwa akisubiri nyuma yangu na kumwomba afanye vilevile. Vidole vya kijana yule vilifunga hewani, juu ya karatasi, mahali ambapo kwangu hapakuwa na kitu. Naye akarudisha mkono haraka kama mtu aliyeogopa.

Basi nina jibu kwa mwenzetu. Kwa upande wa sura, kengeza ni dogo kuliko chongo. Kwa upande wa kile ninachokiandika hapa, mtu mwenye kengeza la tangu utotoni anaweza kuwa sawa na mwenye chongo: ana macho mawili, lakini ubongo unatumia moja kwa wakati mmoja. Wote wawili hujifunza njia nyingine. Mimi nikimimina chai ninagusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe. Uzi na sindano ninamwachia dada yangu.

Ona pia kwamba maneno yote mawili, chongo na kengeza, yametungwa na anayetazama uso wa mwenzake. Yanataja kinachoonekana usoni. Hatuna neno la kila siku kwa kile ambacho mwenye uso huo amekikosa, na kitu kisicho na jina ni vigumu kukidai. Katika makala hii nimesema «kina» na «umbali». Labda wenzetu wa istilahi watafikiria kitu kama «mwono wa kina». Nitafurahi kuona wakibishana.

Ubishi huo una kazi. Mtoto wa dada yangu alipofika mwaka na nusu, jicho lake la kulia lilianza kuelekea ndani kama langu. Mama yangu alimbeba na kusema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: «Ni kakengeza tu, kataisha». Niliisikia ile methali nzima katika silabi moja. Kiambishi chetu ka- ni cha udogo, lakini ni cha mapenzi pia. Kinafanya jambo liwe dogo kwa sababu anayelisema anapenda. Ndivyo nilivyoambiwa hata mimi, na hakuna aliyenitakia mabaya.

Nilimweleza mama kwamba macho ya mtoto mchanga yanaweza kupotea njia mara mojamoja katika miezi ya kwanza, lakini jicho linaloendelea kwenda upande baada ya miezi 4 linapaswa kupimwa. Nilimweleza kwamba mara chache kengeza, hasa pamoja na weupe ndani ya mboni, ni dalili ya saratani ya jicho, ambayo haisubiri. Na nilimweleza kwamba dawa ya kawaida si ya kutisha: miwani, au kitambaa cha kuziba jicho lenye nguvu kwa saa chache ili jicho vivu lifanye kazi, au upasuaji wa misuli. Hufaa zaidi mapema, kabla ya miaka 7 au 8. Baada ya hapo bado kuna msaada, lakini ni mgumu zaidi.

Wengi wetu tutakuwa walimu. Tutakuwa na mtoto anayeinamisha kichwa upande akisoma ubao, anayefunga jicho moja juani, anayekosa mpira kila mara na kuchekwa. Tusimwite mvivu kabla ya kuwaambia wazazi wampeleke kupimwa.

Mpwa wangu sasa ana miaka 3. Amevaa miwani, na jioni anazibwa jicho lake la kushoto kwa saa mbili, akilia kidogo mwanzoni. Mama ndiye anayekaa naye wakati huo, anampa picha za kupaka rangi na kumzuia asing'oe kitambaa. Bado anaita kakengeza, na mimi sijamsahihisha.